Mmarekani wa Mama Mdogo

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ya projekta hunirudisha sebuleni kwetu mtaani Ladywood, ughaibuni. Mchumba wa mama mdogo, Mmarekani, alituonyesha ukutani filamu ya mpira wa kwao, ule wa kushikwa kwa mikono. Mchezaji mmoja aliubana mpira kwapani, akawaponyoka wapinzani wote hadi mwisho wa uwanja.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Kofia ngumu imeficha sura," mama akanong'ona, kisha ghafla akamrushia chungwa. Mchumba akalidaka na kulibana kwapani papo hapo, vilevile kama kwenye filamu.

Mama akamgeukia mdogo wake kwa Kiswahili. "Kumbe ni yeye! Sasa mwanamume aliyewashinda watu kumi na mmoja, wewe utamshikaje?"

"Dada, kwani mpira aliuachia?"