CD ya Kina Mama

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya ufundi nililifanya nikiwa na miaka kumi na moja, kwa dawa ya meno na kipande cha khanga kuukuu. Niliichukua CD ya Mama kabatini bila ruhusa, nikaisugua kwa kuzungusha, duara juu ya duara, mpaka ikang'aa kama kioo cha saluni. Wenzangu mliokulia enzi za deki mnajua ninachozungumzia. Wengi wenu mmefanya hivyohivyo, na wengine mlitumia ganda la ndizi. Ila mimi niliharibu kitu ambacho hakikuwa na nakala nyingine duniani, kisha nikanyamaza miaka kumi na saba.

Kwetu ni Kilwa Masoko, mtaa wa nyuma ya soko, na kwa muda mrefu deki ya mtaa mzima ilikuwa moja, ya kwetu. Baba aliileta kutoka Dar es Salaam ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi. Mama akaishonea kitambaa cha kuifunika, chenye maua pembeni, kana kwamba deki nayo inasikia baridi. Kila diski tuliiita CD, iwe DVD iwe nini. Jumamosi tukitoka chuo cha Kurani, watoto walijaa sebuleni, lakini kwanza Mama alikagua miguu mlangoni. Mwenye vumbi alirudishwa bombani. Akija na miguu inayochuruzika maji alirudishwa tena akajifute. Ndala zilirundikana barazani, na aliyetoka wa mwisho alivaa zilizobaki: moja ya bluu, moja nyekundu, zote za kushoto.

Tulikaa mkekani tukila ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi, au tukinyonya barafu za ukwaju mpaka midomo ikafa ganzi. Filamu zilikuwa za mapigano na za Kihindi, nyingi zimetafsiriwa. Jamaa mmoja wa Dar aliongea juu ya sauti za wote. Yeye ndiye stelingi, yeye ndiye adui, yeye ndiye mama mzazi anayelia msibani, na katikati ya kilio anawasalimia washikaji zake wa maskani. Hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani ndivyo filamu zinavyotengenezwa duniani kote. Na umeme ukikatika stelingi akiwa ananing'inia kwenye jabali, CD ilibaki imefungiwa tumboni mwa deki, hakuna wa kuitoa. Tulibaki palepale mkekani tukibishana kama atapona, na gesi iko Songo Songo, hapo ng'ambo tu, inakwenda kuwasha taa za watu wengine. Watoto wa siku hizi video ikichelewa sekunde tano wanatupa simu kitandani na kutangaza kwamba nyumba hii haina mtandao.

Mimi nilikuwa fundi. Hakuna aliyenipa cheo, ila CD ikianza kukwama, sebule nzima ilipiga kelele, "Mpe Nassoro!" Nilipuliza, nilifuta, nilipaka dawa ya meno, na mara nyingi ilikubali. Nilizipanga CD za Baba kwa herufi, na mtu akirudisha moja kwenye kasha la nyingine, chakula hakikushuka mpaka niipate. Leo watu huniambia nina wasiwasi uliopita kiasi. Haukuanza leo.

Kulikuwa na CD moja ambayo haikukaa rafuni.

Dada yangu Mwanaidi alipoolewa, aliitwa mpiga video kutoka Lindi, naye akaja na mkewe. Mume alipiga ndoa, maulidi, na watu wakila pilau. Mke alipiga singo, ile shughuli ya wanawake peke yao, ambapo bibi harusi anasuguliwa na kufundwa, ngoma inachezwa, na maneno yanayoimbwa hayamhusu mwanamume yeyote, hata bwana harusi mwenyewe. Zikatoka CD mbili. Ya watu wote iliwekwa rafuni. Ya pili iliandikwa KINA MAMA kwa kalamu nene, ikafungwa ndani ya khanga, ikalazwa chini ya nguo za Mama.

Aliyeongoza nyimbo siku hiyo ni Bibi, mama yake Mama, kungwi aliyefahamika mpaka Kilwa Kivinje. Bibi hakupenda kamera. Hata kwenye picha ya kitambulisho amefumba macho. Aliikubali ile ya singo kwa sababu mjukuu wake aliomba, na sauti yake haikurekodiwa tena popote.

Kina mama walipotaka kuiangalia, wanaume tulitoka. Baba aliondoka kabla hajaambiwa. Mimi na Shabani, rafiki yangu wa nyumba ya pili, tulicheza gololi uwanjani. Madirisha yalifungwa, na redio ya Baba ikawekwa dirishani kwa sauti ya juu ili tusidake neno. Kwa hiyo ndani watu wazima wanacheka kama watoto, wanapiga vigelegele, na nje sisi tunasikilizishwa matangazo ya vifo.

Siku moja walipomaliza nilimsikia Mama akimwambia jirani, "Inakwama palepale mama anapoanza." Nikajiona nimeitwa kazini.

Kesho yake Mama akiwa sokoni nilifungua kabati. Sikutaka kuona kilichomo, nilitaka tu kiache kukwama. Niliisugua kwa bidii kuliko CD yoyote kabla yake, nikaikunja kwenye ile khanga kwa mikunjo ileile. Kilichonitesa ni kwamba sikuweza kuijaribu. Fundi gani hajaribu kazi yake? Lakini kuiweka kwenye deki kungekuwa kuiangalia, na nilikuwa mtoto mwoga. Sikujua kwamba mchubuko wa duara ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unafuata njia ileile inayofuatwa na deki inaposoma, nayo ikapotelea humo. CD inafutwa kutoka katikati kwenda nje. Hilo nililijua miaka mingi baadaye, nilipoanza kujifundisha mambo haya peke yangu.

Kina mama walipokutana tena, vicheko vilikatika mapema mno. Mama alilaumu deki. Baba akaipeleka Lindi kwa fundi wa kweli, akarudi nayo na jibu kwamba ni nzima. Sikusema kitu. Bibi alifariki nikiwa darasa la saba. Jioni moja baada ya hitima nilimsikia Mama ng'ambo ya ukuta akisema, "Angalau sauti yake ipo kwenye CD," kisha akaongeza, "ila CD yenyewe haisomi."

Sasa nina meza ya kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Mwaka huu deki ya nyumbani ilikufa kabisa, na CD zimeanza kuingia madoa meupe kwa unyevu wa pwani, nikaamua kuhamisha zote ziwe mafaili. Mtu mwingine angemaliza kwa wiki tatu. Mimi nilichukua miezi mitatu. Kila filamu niliyoihamisha niliiangalia mpaka majina ya mwisho, na daftari mkononi. Moja niliirudia mara nne kwa sababu ilikuwa na mistari ya kushuka upande wa kulia, mpaka nikakumbuka kwamba mistari ile ilikuwepo tangu zamani, na sisi tulikuwa tunasema kwenye sinema hiyo inanyesha mvua.

Rafu ilipokwisha, Mama alikuja na khanga iliyokunjwa.

"Na hii yangu utaifanyaje?"

"Nitaihamisha, Mama."

"Bila kuiona?"

"Bila kuiona."

"Na bila kuisikia. Wewe ni mtoto wa kiume hata ukiota mvi."

Kuhamisha hakuhitaji macho. Kompyuta inanakili kilichomo, picha isionekane wala sauti isitoke. Niliifuta kutoka katikati kwenda nje, nikaupunguza mwendo wa kusoma, nikaiacha programu iirudie kila sehemu mbovu kutwa nzima, huku nikizunguka kama baba aliye nje ya wodi ya wazazi. Mwishowe ikaniambia sehemu kubwa imesomeka, vipande vichache vimekataa. Nilijua kiasi kilichopotea. Sikujua kilichopotea ni nini. Huenda ni watu wakipakua wali. Huenda ni Bibi.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimkalisha Mama mbele ya kompyuta, nikamvisha vipokea sauti, nikakaa upande wa pili wa meza nikitazama mgongo wa kioo.

"Inaonekana, Mama?"

"Inaonekana."

"Ina vimraba vimraba?"

"Ina watu."

"Najua ina watu. Namaanisha picha ni safi?"

"Watu wenyewe safi, wametoka kuoga. Hebu ninyamazie."

Akaongeza sauti, akatabasamu. Akacheka. Akajifunika mdomo kwa mtandio, akasema, "Astaghfirullah, Zuhura alikuwa mwembamba hivi!" Kisha akaegemea mbele. "Mama yangu huyo anaingia." Nikahesabu pumzi tatu, nne.

"Imeganda," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimweleza yote: kabati, dawa ya meno, ile khanga, deki iliyopelekwa Lindi bure, maneno niliyoyasikia ukutani. Mama akanitazama, akavua upande mmoja wa kile kidude cha masikioni.

"Unasemaje?"

Ikabidi niseme tena. Mara ya pili ilikuwa fupi.

"Mama, CD hii niliiharibu mimi. Niliipaka dawa ya meno nikiwa darasa la tano."

"Hilo najua."

"Unajua?"

"Niliifungua khanga ikanukia mtu aliyepiga mswaki. Mtaa huu nani mwingine alikuwa anazipigisha mswaki CD?"

"Mbona hukuniuliza?"

Alizungusha waya kidoleni. "Nilijua umeiangalia," akasema. "Nikasema mtoto keshaona mambo ya wakubwa, kamwona bibi yake anavyocheza. Nikikuuliza nitakuaibisha, na mimi nitaaibika. Nikaona bora ninyamaze, nikasingizia deki. Kila ukiinamisha kichwa nikipita, nikawa naona ni kwa hilo."

"Sikuiangalia, Mama. Wallahi. Hata kuijaribu sikuijaribu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana sikujua kama nimeiharibu."

Mama aliegemea kiti, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo tangu nikiwa darasa la tano. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaanza kucheka. "Sasa wewe ulikuwa unaogopa nini? Kuchapwa kwa ajili ya kusafisha?"

Akarudisha kidude masikioni. Nilimwelekeza kitufe cha kusogeza mbele, na uso wake ukafunguka kabla hajasema neno. Mabega yakaanza kwenda. Mara picha ikaganda tena, nikaona kwa macho yake kwamba imeganda, ila safari hii hakuniambia. Aliendelea na wimbo mwenyewe. Mtu aliyeziba masikio hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Mama aliuimba ule wimbo wa singo mchana kweupe, madirisha wazi, kila neno kavu kama lilivyo. Nilidaka mstari mmoja na nusu kabla sijajiziba masikio kwa vidole, na mstari huo siuandiki hapa. Nilipotoka mbio kwenda barazani, mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani alisimama, akaitikia kiitikio mpaka mwisho, akapiga kigelegele, akaendelea na safari yake. Hakunitazama hata mara moja.

Mama alipotoka aliniambia kilichopotea ni kidogo, pale Bibi anapoanza, na mahali pengine mbele kidogo. Mengine yote yapo. Nilimwekea faili kwenye simu yake, nikamtumia Dada Mwanaidi flashi kwake Rasbura, Lindi, na lililokuwa kwenye kompyuta yangu nikalifuta Mama akiwa amesimama nyuma yangu.

Siku hizi singo inarekodiwa na simu ishirini kwa mpigo. Bibi harusi hajasuguliwa hata mkono mmoja, tayari yuko kwenye makundi, na wanaume wamekaa vijiweni wanaangalia. Zamani siri ya wanawake mia moja ilitosha kwenye khanga moja, na hakuna mwanamume aliyeifungua isipokuwa fundi mjinga mmoja, naye hakuchungulia. Zile filamu zetu zote nazo sasa zimeingia kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba. Watoto wa Dada walipotutembelea, niliwawekea moja ya zile zilizotafsiriwa. Waliangalia dakika nne, mkubwa akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu anaongea juu ya wenzake?" kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake, kwenye kona yake. Sebule ilikuwa safi, hakuna mguu wa kukagua. Niliimaliza peke yangu, na nilifurahi, ingawa nilijikuta naanza kubishana kama stelingi atapona, na hapakuwa na wa kunibishia.

Faili la Mama ndilo pekee katika mkusanyiko wote ambalo sijalikagua, na sitalikagua. Nilidhani litaninyima usingizi. Halijaninyima. Kazi za wateja sasa naziangalia mara moja, kisha nawakabidhi, na mimi na Mama hatufichani tena kuhusu hiyo CD.