Betri ya Sikio la Mzee Ntahondi

Naona haya kuisimulia hii, lakini walioiona ni kanisa zima, na wengine bado wako Kasulu na midomo yao ni mizima, kwa hiyo bora mnisikie mimi kabla hawajawaongezea chumvi.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, mtu wa Muheza niliyepelekwa na serikali kwenye baridi ya milimani, na mwisho wa wiki nilikuwa mpiga picha, kwa kamera kuukuu ya chuma niliyorithi kwa mjomba, nzito kiasi cha kuvunjia nazi (nazi zenyewe huko hakuna, lakini mmenielewa). Ndani yake mlikuwa na kimshale cha kupima mwanga, na kimshale hicho kiliendeshwa na betri moja bapa kama kifungo cha koti, ambayo haikupatikana tena. Nilitafuta Kasulu, nikatafuta Kigoma mjini, nikaagiza hadi Dar es Salaam, nikajibiwa kwamba hizo ni za zamani. Basi nikaweka betri ya saa, nikaibana kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kimshale kikacheza, nikajiona mhandisi, nikaenda Kibondo kupiga picha za kipaimara, na picha ziliposafishwa kilichoonekana ni madirisha ya kanisa tu. Wazazi wa Kibondo hawakunitukana. Walinitazama tu, na afadhali wangenitukana.

Aliyenionyesha kosa langu ni Mzee Ntahondi, fundi saa wa sokoni Kasulu. Masikio yake yalikuwa karibu yamekufa yote, alivaa mashine ya kusikia kwenye sikio la kulia, lakini saa hakuzisikiliza kwa sikio hata kidogo: aliishika saa kwa meno, akafumba macho, na mtikisiko ukipita kwenye taya alijua ni gurudumu lipi linachechemea. Nimeona mafundi wenye vyeti ukutani, sijaona wa namna ile. Nilipompelekea kamera, akaitoa betri yangu, akacheka.

"Mwalimu, hii ina nguvu kupita haja. Mshale unadanganyika, unadhani kuna jua jingi, nawe unabana mwanga. Kamera yako inataka betri ya upole."

Akafungua kikopo cha ugoro, akatoa betri ya akiba ya sikio lake, akakata kipete kwenye mpira wa kandambili ili isichezecheze, akaitumbukiza, na kimshale kikatulia mahali pake. Nilitaka kumkumbatia.

"Nakuazima," akasema. "Jumamosi unapiga harusi ya binti yangu. Lakini hii iliyomo sikioni imebakiza siku chache, kwa hiyo kabla ya ibada unirudishie. Kanisani ni yangu, nje ni yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Harusi yenyewe haikuwa ya mchezo. Binti yake, Eva, alikuwa anaolewa na Onesforo, seremala, Mrundi wa kambi ya Mtabila, na ukoo ulikuwa umepiga kelele: utampaje mkimbizi mtoto, kesho akirudi kwao? Mzee peke yake alisimama akasema mikono ya kijana ameiona ikifanya kazi, na inamtosha. Hata asubuhi ile wajomba waliingia kanisani wamekunja nyuso.

Jumamosi nikachungulia ndani ya kanisa, nikaona giza, nikakumbuka Kibondo. Nikajiambia mzee namwona anaitikia salamu, sikio bado zima, saa moja tu kitu gani? (Shetani alinipitia, ndivyo tunavyosema tukikwepa lawama, ila ukweli ni kwamba siku hiyo hata hakunikaribia.) Nikaiacha betri kamerani, nikazunguka nikaingia kwa mlango wa kwaya ili tusikutane.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mchungaji alipouliza, "Nani anamtoa binti huyu aolewe?"

Mzee Ntahondi, amesimama kando ya Eva na koti lake la kijivu, akatabasamu. Mchungaji akarudia. Mzee akazidi kutabasamu.

"Ameghairi!" mjomba mmoja akasema, tena kwa furaha, na minong'ono ikapanda. Mama yake Onesforo akajifunika uso kwa kitenge, akamwita Mungu wake kwa Kirundi: "Mana yanje!" Onesforo akawa anatazama viatu vyake. Eva akamgusa baba yake, akamwonyesha sikio. Mzee akaligonga kwa kidole, akaelewa.

"Mashine imezima," akasema kwa sauti. "Na kuitikia nisichokisikia sitaki, msije mkasema kesho kwamba kiziwi alisukumwa."

Kisha akanitafuta kwa macho kanisa zima, akanipata nyuma ya kinanda, akaninyooshea kiganja. Watu wote wakageuka.

Nikatembea hadi mbele, nikatoa sarafu kufungua kifuniko cha chini ya kamera, na betri ikanichomoka, ikaruka, ikabiringika chini ya mabenchi. Ndugu zangu, nilipiga magoti, mchungaji akapiga magoti, wajomba na suti zao wakapiga magoti, na si kwa sala. Aliyeiokota ni mama yake Onesforo, chini ya unyayo wake. Akaifuta kwa kitenge, akampelekea mzee kwa mikono miwili.

Mzee akaitia, mashine ikalia "piii", akaitikia kwa kichwa. "Uliza tena, mchungaji."

Akaulizwa.

"Namtoa mimi. Na nimesikia, wajomba, nimesikia vizuri."

Kanisa likalipuka vigelegele, hadi mjomba wa "ameghairi" akacheka. Mimi nikabaki na kamera tupu. Mzee akaniinamia: "Mwalimu, kamera inapiga bila betri. Kilicholala ni mshale tu. Una macho, tumia." (Kumbe! Miaka yote ile.) Nikakisia mwanga, nikapiga, na picha nyingi zilitoka, nyuso zote zikaonekana, hata za wajomba.

Ziliposafishwa nilimpelekea mzee picha sokoni, nikiwa nimejiandalia maneno ya toba usiku mzima. Alizitazama moja moja, akashindwa kuficha furaha. Nilipofungua mdomo, akainua mkono, akaivua mashine sikioni, akailaza juu ya meza.

"Haya, omba msamaha sasa," akasema. "Maana nikiusikia itabidi nikukasirikie kwanza, na leo sina nafasi."

Nikaomba. Nikakiri mlango wa kwaya na yote, nikaapa kwamba sitabaki tena na kitu cha mtu hata dakika moja zaidi ya ile niliyoahidi. Na kwa kuwa mbele ya kiziwi mtu hujisahau akapaza sauti, soko zima lilinisikia, isipokuwa yeye.