Swali la Daktari Nililolibadilisha

Haya sijamwambia mtu, na hata ninapoyaandika mashavu yananiwaka moto.

Jana nilimpeleka Bibi hospitali hapa Ibra, huku Uarabuni. Pingili za uti wa mgongo wake zimelika, na mguu mmoja umeanza kufa ganzi. Bibi kakulia Unguja na Kiarabu chake ni cha salamu tu, basi mkalimani nikawa mimi.

Tulikwenda vizuri mpaka daktari alipouliza kama Bibi anashindwa kuzuia mkojo. Akasema jibu la hilo ndilo litakaloamua kama apasuliwe haraka. Ya Rabi! Nimuulize bibi yangu mambo ya mkojo?

"Bibi, daktari anauliza, unalala vizuri?"

"Vizuri, alhamdulillahi."

Nikamgeukia daktari kwa Kiarabu: "Hana tatizo hilo." Akaanza kuandika.

Muuguzi aliyekuwa akimpima Bibi presha akanikazia macho, akasema kwa Kiswahili cha Unguja hasa: "Wee mtoto, daktari kauliza usingizi lini?"

Kisha akamwinamia Bibi, akamuuliza swali lenyewe.

"Tangu juzi, mwanangu," Bibi akajibu, akijifunika uso kwa mtandio. "Nilikuwa namwonea haya mjukuu wangu."