Bwawa la Turubai Nyuma ya Jiko

Turubai likilowa maji ya tope kisha likapigwa na jua, linatoa harufu ambayo siwezi kuichanganya na nyingine yoyote. Ni harufu ya mpira na vumbi la sokoni, na kwa mbali kidogo mafuta ya taa. Jumamosi iliyopita ilinipiga puani nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba yangu hapa mtaani Kambarage, mkono juu, tayari kumchapa mwanangu Holo. Turubai langu la kuanikia mpunga, jipya, halijamaliza hata msimu, Holo alikuwa amelitandika ndani ya shimo alilochimba karibu na bafu na kulimwagia ndoo nzima ya maji. Pembeni kulikuwa na chupa kubwa iliyokatwa shingo, na ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa lililoiva, zawadi ya rafiki yake wa shule, wanazunguka kama watu waliopoteza funguo.

"Mama, ni bwawa la muda tu," akasema, macho yakiwa kwenye mkono wangu.

La muda tu! Mkono ukashuka wenyewe. Mimi hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua, na tangu nizae zimesogea karibu zaidi. Lakini siku hiyo zilikatika ghafla kama umeme. Nikakaa chini kwenye tope na gauni langu la kwendea jumuiya, nikaanza kucheka, mtoto akaogopa zaidi kuliko kama ningemchapa.

Kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasikia nikiwa na umri kama wake, yakitoka kwa Shangazi Minza.

Tulikuwa tunaishi pembeni ya mji wa Geita, nyumba ya tofali za kuchoma, ua wa minyaa pande zote. Baba alikuwa fundi turubai. Alishona maturubai ya malori kwa sindano ndefu kama kidole, na nguo zake zote, hata za kanisani, zilinukia kazi yake. Kiwanja kilikuwa chetu wenyewe. Mama alikuwa akikifagia kila asubuhi mpaka kwenye minyaa, halafu anasimama na ufagio wake anakitazama, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Wenzangu sikukuu walikwenda kwa bibi na babu upande wa mama. Sisi hatukwenda. Nikiuliza, Mama alijibu, "Kwetu hakuna kwenda," na mazungumzo yalikuwa yameisha.

Shangazi Minza, dada yake Baba, alifanya kazi za ndani kwa familia moja kule Mwadui. Ile familia ikahama, sanduku la kioo la samaki likapasuka wakati wa kufunga mizigo, wakamwambia afanye anachotaka na samaki. Mtu mwingine angewamwaga. Shangazi aliwatia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, akaipakata ndani ya basi mpaka Geita, akaingia uani kwetu amelowa kuanzia tumboni hadi magotini.

"Wifi, usinitukane," alimwambia Mama kabla hata ya salamu. "Ni kwa muda tu, nikipata pa kukaa nawachukua."

Mama akafunua ndoo, akachungulia. "Hawa wanakaangwa au wanachemshwa?"

"Hawaliwi, wifi. Ni wa kutazama."

Mama alifunika ndoo taratibu. "Kutazama," akasema. "Haya. Tutawatazama."

Wasomaji wangu, kama hamjawahi kutengeneza bwawa bila senti tano, sikilizeni. Baba alichimba shimo nyuma ya jiko, urefu wa kitanda, kina chake kinafika magotini kwangu. Tuliokota kila kijiwe kwa mikono, tukatandika viroba chakavu ili turubai lisitobolewe na chochote kilichobaki. Juu yake Baba akatandaza turubai la buluu lililokataliwa na mwenye lori, lina kiraka kikubwa katikati ambacho alikipiga gundi mara mbili. Kingo tukazikandamiza kwa tofali. Maji tulichota kisimani, maana Shangazi alisema ya bomba yana dawa, na tukayaacha yatulie siku kadhaa huku samaki wakingoja kwenye beseni la kufulia. Juu tukafunika chandarua kilichotoboka, kwa ajili ya kunguru na paka. Udongo uliotoka shimoni Baba aliurundika kando ya jiko, akisema atakuja kuufyatulia tofali.

Siku tuliyowaachia samaki, hata Mama aliacha mboga jikoni. Walisimama kwanza palepale walipomwagwa, kama wageni mlangoni. Halafu mmoja akajipinda, jua likampiga ubavuni, maji yote yakang'aa. Nilipiga kelele. Shangazi alilia. Mama alisema, "Kumbe," akarudi kwenye mboga yake.

Sasa, pale kwetu Geita, ukitaka watu wasilale, chimba shimo. Chimba la choo, chimba la takataka, lazima mtu apite aulize, "Vipi, kuna mali?" Na sisi hatukuchimba shimo tu. Tulichimba shimo, tukatandika turubai, tukajaza maji. Yeyote aliyewahi kupita kwenye mialo, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, anajua vile visima vyao vya maji vinavyoonekana: shimo, turubai, tofali kingoni. Kwa kutengeneza bwawa letu tulikuwa tumetengeneza mwalo kamili nyuma ya jiko, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo.

Jirani yetu Baba Shija aliliona. Alikuwa mchimbaji wa siku nyingi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, mgongo umepinda kwa kuinama kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Alichungulia kupitia minyaa mchana mmoja, na wakati huohuo samaki akajipinda juani.

Jioni alikuja kwa Baba, ambaye kwa ujirani alimwita shemeji. "Shemeji, mimi si mtoto. Nimeona kwa macho yangu inang'aa."

"Ni samaki," Baba akasema.

"Samaki gani?"

"Wa kutazama."

Baba Shija alimtazama Baba kwa huzuni, kama mtu aliyetukanwa na ndugu. "Yaani unachota maji kisimani, unampa samaki usiyemla. Sawa, shemeji. Sawa."

Na hapo ndipo tulipokwama. Kila tulivyoeleza ukweli, ndivyo tulivyozidi kuonekana waongo. Tuliwaonyesha samaki, wakasema samaki ni geresha. Mama mmoja muuza vitumbua alisema samaki wa rangi ile ni wa mganga, wanawekwa ili mali isikimbie. Shuleni watoto waliokuwa hawanijui wakaanza kunipa miwa.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta rashi nyumbani kwetu. Rashi ni pale watu wanaposikia dhahabu imetoka mahali, wakamiminika. Walijaa nje ya minyaa, na sururu, na koleo, na makarai vichwani. Kijana mmoja alishaanza kuchimba njia ya kwenda kisimani. Nilisikia sururu ikipiga ardhi, dush, dush, hadi kwenye bakuli langu la uji.

Baba Shija aliingia kwa niaba yao, kwa heshima, kofia mkononi. Akaeleza utaratibu wao: wao wachimbe, mwenye kiwanja apate mgawo wake katika kila mfuko unaotoka. "Hii nyumba, shemeji, utajenga nyingine, ya ghorofa."

Nilimtazama Baba. Sijausahau uso wake ule. Alikuwa anatazama ardhi kana kwamba ameletewa mgeni asiyemjua. Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini alikuwa amechoka kushona.

"Mama Kabula," akasema polepole, akimwita Mama kwa jina langu, "tungewaacha wajaribu. Kidogo tu. Kona ile."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, una ugali bado.

"Kona ipi?"

"Ile ya..."

"Nakuuliza kona ipi, Baba Kabula! Wakiingia kona ile kesho watakuwa chini ya kitanda chako!"

"Mayu, usikasirike," Baba Shija akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Nisikasirike? Umekula chumvi yangu miaka yote hii, leo unaniletea sururu kabla sijanawa uso!" Kisha akaugeukia ule udongo kando ya jiko. Aliposema tena, sauti ilikuwa imetulia mno. "Mnataka udongo. Udongo ule pale, umetoka ndani ya hilo shimo, hakuna aliyeugusa. Uosheni hapa, mbele yangu, mbele ya wote. Ikionekana punje, hata moja, sitasema neno. Isipoonekana, mnafukia mlichochimba njiani, na sitaki kumwona mtu na sururu karibu na minyaa yangu. Mmesikia?"

Wakasikia. Walipenda. Mchimbaji anaamini karai kuliko anavyomwamini padri.

Baba Shija alikaa kwenye kigoda cha Mama. Aliweka udongo kwenye karai, akamimina maji, akaanza kulizungusha. Yale mazungusho sijui niyaeleze vipi. Mtu yule mzito, mikono ile yenye sugu, na maji yanazunguka laini kama maziwa yanayosukwasukwa ndani ya kibuyu. Udongo mwepesi unatoka na maji, unamwagika, unabaki mzito. Mimi nilikuwa nimejipenyeza mpaka mbele kabisa, naomba kimoyomoyo, Mungu wangu iwepo, iwepo. Nilishagawa ile dhahabu yote: baiskeli, viatu vyenye kisigino, kioo kipya cha samaki kikubwa kama kabati.

Nikamtazama Mama ili tuombe pamoja. Alikuwa amesimama na mwiko, midomo inachezacheza, jasho limemjaa puani. Nikafurahi. Nikajua na yeye anaomba.

Kwenye karai ulibaki mchanga mweusi kidogo. Baba Shija akaupeleka juani, akauinamisha huku na huku.

"Ongeza," mtu akasema.

Akaosha mwingine. Akaosha wa chini kabisa ya rundo. Mwishowe akalaza karai mapajani, akacheka ile sauti yake ndogo. "Hamna kitu. Huu udongo ni wa kufinyangia vyungu."

Watu waliguna, wengine wakacheka, mmoja akamtania kijana wa njiani, "Fukia choo chako, twende!" Na kwa kuwa neno la karai ndilo la mwisho, walikwenda kweli. Kijana alifukia. Baba Shija peke yake alibaki. Alikwenda bwawani, akainua chandarua, akachuchumaa, akatazama muda mrefu.

"Kumbe ni samaki kweli," akasema.

Baada ya siku ile alikuwa akija jioni nyingi akitoka maduarani, anachuchumaa palepale, anatazama, halafu anaaga. Shangazi alipopata pa kukaa na kuja na ndoo yake kuwachukua, ni yeye aliyenuna kuliko mimi.

Lakini narudi asubuhi ile. Nilimtafuta Mama nikamkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kuni, uso ndani ya kanga, analia mpaka mabega yanaruka. Nilimkumbatia. Nikamwambia, kwa hekima yangu yote ya darasa la tatu, "Usilie Mama, labda iko chini zaidi." Alinisukuma, akanitazama kama nimemchoma na kijinga cha moto, halafu akanivuta tena akanibana hadi nikakosa hewa. Kwa miaka mingi niliamini alilia kwa sababu tulikosa utajiri.

Nilipomaliza kidato cha nne ndipo aliponipeleka kwao. Tulishuka kwenye pikipiki, tukatembea, akasimama. Mbele yetu kulikuwa na mashimo. Mashimo na mashimo, mengine yamejaa maji ya kijani, mengine yamebomoka yakaungana. Katikati ulibaki mstari wa minyaa, umezunguka hewa.

"Hapa ndipo lilipokuwa jiko la bibi yako," Mama akasema, akionyesha hewa. "Walianza na kona."

Tulipokuwa tunarudi ndipo aliposema, bila kunitazama, "Siku ile ya karai niliogopa kuliko siku niliyokuzaa."

Kumbe mama na mtoto walisimama mbele ya karai moja, wanaomba Mungu mmoja, kila mtu anaomba la kwake. Nashukuru alisikilizwa yeye. Ile nyumba ipo. Mama yupo ndani yake, na bado anafagia mpaka kwenye minyaa.

Jumamosi hiyo, baada ya kucheka hadi machozi, nilimsaidia Holo. Tulitoa turubai, tukaokota vijiwe, tukatandika viroba, tukalirudisha. Alipokwenda kuchota maji, nilichukua udongo wa shimo lile, nikautia kwenye karai langu la kufulia, nikamimina maji, nikazungusha kama nilivyomwona Baba Shija. Sijui nilifikiri nini.

Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta. "Mama Holo, umepoteza hereni?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini humo?"

Niliinamisha karai juani, upande huu, upande ule. Mchanga mweusi kidogo na unyasi mmoja.

"Hamna kitu," nikamwambia, na nadhani hajawahi kuniona nimefurahi namna ile. "Hamna kitu kabisa."