Mchagua Viwanda

Jirani yangu Mkongo hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, humchagulia tajiri mmoja wa Lilongwe viwanda vya China vya kumtengenezea puli, magurudumu ya chuma ya kuzungushia mikanda ya mashine za kusaga mahindi. Kila sampuli huigonga kwa mpini wa kijiko, akatega sikio, akapiga miayo. "Hii iko na hewa ndani," husema, akiisukuma chini ya kitanda, ambako mkewe hana tena pa kuweka sufuria. Kila kiwanda humwalika aende kukiona. "Mwezi ujao," hujibu kwa uchovu, yeye ambaye hata Lilongwe huenda kwa ruhusa ya kambi. Halafu huomba aonyeshwe kwa video geti lao, wafanyakazi wakitoka. Nilidhani anawahesabu. Jana alinisogezea simu. "Ona, banatoka tu. Hakuna mwenye anabauliza ruhusa."