Miftah: Kila asubuhi tairi langu ndilo la kwanza

Saa moja kasoro robo asubuhi, Miftah Rahuma anashuka kwenye baiskeli yake ya umeme, anaiegemeza kwenye nyonga na kuinama kutazama jiwe. Ni jiwe la kawaida, ukubwa wa mkate, lililopakwa chokaa upande mmoja. Jana jioni upande mweupe ulikuwa juu. Leo umelala chini.

Anatoa simu, anatafuta picha aliyoipiga jana na kuilinganisha na anachokiona. Jiwe hajaligusa.

"Mbweha huyu," anasema hatimaye. "Au mbuzi wa jirani. Au maji." Anainama zaidi. "Kama ni mbweha, hakuna neno. Kama ni maji, leo hatupiti."

Anapapasa mchanga kwa kiganja. Ni mkavu. Pembeni kuna nyayo ndogo za mnyama, na anaziangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha analigeuza jiwe kwa ncha ya fimbo, huku amejivuta nyuma kadiri mkono unavyofika, na kuvuta pumzi.

"Yamebaki mawe mia tatu na kitu," anasema, na kupanda tena baiskeli.

Miftah, mwenye umri wa miaka 41, huongoza wageni kwa baiskeli za umeme katika hifadhi ya pwani iliyo magharibi ya Alamein, nchini Misri. Njia yake ina urefu wa kilomita tisa. Huanzia kwenye mashamba ya mitini, hupita katikati ya vilima vya mchanga mweupe na kuishia ufukweni, ambako wageni hunywa chai, hupiga picha na kurudi.

Ndani ya mistari miwili ya mawe meupe, upana wa mita nne, ardhi imesafishwa na wanajeshi. Nje ya mistari hiyo, hakuna anayejua. Mabomu yaliyofukiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bado yamo, na mchanga haukai mahali pamoja.

Ndiyo maana kila siku ya safari yeye hutangulia peke yake, saa mbili kabla ya wageni kufika, akikagua jiwe baada ya jiwe.

"Kama kuna kitu, kinikute mimi kwanza," anasema. "Watu husema Miftah shujaa. Shujaa gani? Naogopa kila jiwe."

Anasogea kwenye jiwe linalofuata na kuinama.

Kazi hii aliianza miaka minne iliyopita, binamu yake Hweidi alipoleta baiskeli kumi na mbili kutoka Alexandria. Kabla ya hapo Miftah alichuma tini wakati wa msimu na kubeba saruji kwenye hoteli zinazojengwa pwani. Siku hizi hupata pauni 400 kwa safari moja, na kati ya Aprili na Novemba hukosa wageni mara chache. Ndiyo pesa iliyomweka bintiye mkubwa, Salma, kwenye chuo cha uuguzi huko Marsa Matruh.

Mkewe, Mabruka, hakuipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

"Nilimwambia, Baba Salma, babu zetu walikimbia mchanga ule, wewe unapeleka watu wakautalii?" anasema huku akikanda unga wa shayiri. "Akanijibu, njia ni salama. Nikamwambia, njia nimekubali. Hao wageni je?"

Ni swali ambalo Miftah mwenyewe hulirudia. Anasema hofu yake kubwa ni baiskeli yenyewe.

"Baiskeli ya kawaida ikikutana na mchanga inakushusha. Unaikokota, unachoka, unarudi njiani. Hii ya umeme haikushushi. Inakupandisha. Mtu anabonyeza tu, mota inanguruma kidogo, na tayari yuko mahali ambapo miguu yake mwenyewe isingemfikisha."

Ndivyo ilivyotokea Oktoba mwaka jana.

Siku hiyo alikuwa na walimu watano wa sekondari kutoka Tanta. Mmoja wao, Nermin Shalabi, mwalimu wa hisabati mwenye miaka 52, alikuwa na goti bovu na hakuwa amepanda baiskeli tangu aolewe. Baada ya kilomita tatu alikuwa akiimba.

"Goti langu lilisahau kwamba ni bovu," Nermin anaeleza kwa simu. "Nilijiona nina miaka kumi na tisa. Miftah alikuwa ametuonya mara nne, kweli alituonya. Lakini unaposikia mabomu na huku unaona maua na bahari, akili haikubali."

Alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Kilima cha mchanga kilikuwa kushoto, laini, na upepo ulikuwa umeyafunika mawe matatu. Aliweka mota kwenye nguvu ya juu kabisa ili akaione bahari kutoka kileleni.

Miftah aligeuka kuhesabu wageni, kama anavyofanya kila baada ya dakika mbili. Akapata wanne.

"Nilimwona yuko juu, kama hatua hamsini kutoka njiani," anakumbuka. "Ananipungia mkono. Anacheka. Mimi mdomo umefunguka, sauti haitoki."

Sauti ilipotoka, iliwatisha hata wale waliokuwa karibu naye.

"Mwalimu! Usishuke! Usigeuze baiskeli! Usiweke mguu chini!"

"Nimeshauweka!" Nermin alijibu kutoka juu, bado ana tabasamu. Kisha akaona nyuso za wenzake, na tabasamu likaisha.

Miftah alipiga simu kwa kikosi cha kutegua mabomu. Aliambiwa asubiri, watafika baada ya saa mbili, pengine tatu. Alitazama chini. Alama ya tairi la Nermin, iliyopanda kilima kama uzi, ilikuwa tayari inafifia. Upepo ulikuwa unatoka baharini na hauchezi.

"Pale tairi lilipopita likiwa na mtu mzima na mota, pamekwisha kujaribiwa," anasema. "Alama ile ndiyo barabara pekee iliyokuwepo. Baada ya nusu saa isingekuwepo. Na yule mama angekaa kule juu, kwa mguu mmoja, goti bovu, saa tatu? Angeanguka."

Alikuwa na kamba ya kukokotea baiskeli, mita ishirini. Akawaambia walimu wavue mitandio, makoti, chochote kirefu, wakiunganishe.

"Chukua na mkanda wangu," alisema Mzee Shauki, mwalimu wa jiografia anayekaribia kustaafu.

"Suruali itaanguka, mwalimu," mwenzake akamwambia.

"Iache ianguke! Wewe ulitaka kuniona nimevaa vizuri hapa?"

Hakuna aliyecheka. Vidole vyao vilikuwa vinakosea mafundo.

Miftah akavua viatu. Mguu wake ni mpana kuliko tairi, na alitaka uwe mwembamba kadiri inavyowezekana. Akaweka unyayo mmoja juu ya alama, halafu mwingine mbele yake kwenye mstari ule ule, huku akilaza kamba nyuma yake hatua kwa hatua ili iwaonyeshe njia ya kurudi hata upepo ukifuta kila kitu.

Anapofika hapa kwenye simulizi, anasimama. Anaomba maji. Anakunywa.

"Hatua ya saba nilijikojolea," anasema. "Liandike. Watu wasome kwamba nilijikojolea na miguu ikaendelea. Wakiandika nilikuwa jasiri, kijana mwingine atadhani mtu jasiri haogopi, na siku atakapoogopa atajiona hafai."

Kamba na mitandio viliisha hatua kumi kabla ya kumfikia Nermin. Hizo kumi alizitembea bila chochote nyuma yake.

Alipofika aliona mambo mawili kwa pamoja. Nermin alikuwa ameuma mdomo mpaka unatoka damu. Na kando ya kiatu chake cha kushoto, chini ya nusu mita, ukingo wa kitu cha duara, chenye kutu, ulikuwa umechungulia kwenye mchanga.

"Mwalimu," alimwambia, "niangalie mimi usoni. Nikikwambia nyanyua mguu wa kulia, unanyanyua huo huo. Hisabati unafundisha?"

"Nafundisha."

"Basi hesabu kwa sauti. Kila hatua moja. Ukikosea tunarudia mwanzo."

"Turudi huku juu?" aliuliza Nermin kwa woga.

"Hapana, mama. Nakutania. Hesabu."

Kumtoa kwenye baiskeli peke yake kulichukua robo saa, kwa sababu ilimbidi aivushe miguu bila kukanyaga upande. Baiskeli wakailaza taratibu juu ya alama yake yenyewe na kuiacha. Miftah akageuka na kutangulia. Nermin akamshika mabega na kuweka nyayo zake ndani ya nyayo zake.

Katika zile hatua kumi zisizo na kamba, tatu zilikuwa zimekwisha kufutika. Mbele yao mchanga ulikuwa laini, sawasawa, hauna kitu.

"Nikasimama," anasema Miftah. "Sikumwambia kwa nini. Nilijaribu kukumbuka mguu wangu ulikuwa wapi. Mtu hakumbuki mguu wake ulikuwa wapi. Jaribu. Kisha nikaona ncha ya mkanda wa Mzee Shauki mbele, chuma chake cha kufungia kinang'aa, nikasema nitakwenda moja kwa moja pale. Nikaenda."

"Nne. Tano. Sita," Nermin alikuwa akihesabu nyuma yake, akilia.

Walipovuka mawe meupe, alikuwa amefika hamsini na tatu. Mzee Shauki, ameshika suruali kwa mkono mmoja, aliketi chini na kuyaficha macho yake kwa mkono mwingine.

Hweidi alikuja mbio na gari dakika arobaini baadaye.

"Wote wazima?" aliuliza.

"Wote."

"Na baiskeli?"

"Nenda kaichukue," Miftah alimjibu. Hawakusemezana kwa wiki mbili.

Wanajeshi walilithibitisha lile bomu siku iliyofuata na kulilipua papo hapo. Walimwambia Miftah kwamba lingeweza kulala hivyo miaka mingine themanini, au lingeweza kulipuka kwa kiatu cha mtoto. Nermin alikuja kujua habari za bomu hilo mwezi mmoja baadaye, kwa simu. Anasema alikata simu, akaenda kukaa sakafuni jikoni.

Siku kumi na tisa Miftah hakutoka nyumbani. Alikuwa akitembea ndani kwa kuweka unyayo mbele ya unyayo kwenye mstari mmoja, bila kujijua. Mabruka ndiye aliyemwona.

"Nikamwambia, Baba Salma, hiki ni chumba cha kulala, tembea kama watu," anasema. "Akanitazama kama hanijui. Niliogopa kuliko kama ningeambiwa amekufa."

Alirudi kazini kwa sababu mbili. Ada ya Salma ilikuwa imefika. Na Hweidi alikuwa amepata kijana wa mjini wa kushika nafasi yake, kijana asiyeweza kutofautisha jiwe moja na jingine.

"Huyo angewapeleka watu huku anasikiliza muziki," anasema Miftah. "Bora mwoga."

Alirudi kwa masharti. Mota za wageni zimefungwa zisipite nguvu ya chini. Safari haizidi watu wanne. Nyuma kabisa hukaa binamu mwingine mwenye filimbi. Upepo ukizidi kiasi, safari hufutwa na mgeni hurudishiwa pesa zake zote. Hweidi alilalamika, kisha akakubali.

Lakini Miftah hakuridhika na masharti hayo. Wanajeshi wameahidi kusafisha sehemu ya kushoto ya njia majira ya baridi yajayo, na wamesema kumbukumbu za wenyeji zitawasaidia kujua waanzie wapi. Tangu Januari amekuwa akipita nyumba hadi nyumba na daftari la shule la Salma.

Huwauliza wazee ngamia wa nani alikufa wapi. Ni mwaka gani. Kulikuwa na mtini karibu? Kilima kilikuwa upande gani? Kuna wanaomkaribisha chai na kumweleza mpaka jioni. Kuna mjane mmoja aliyemfungia mlango, halafu akamwita alipokuwa amefika barabarani.

Amekwisha kukusanya sehemu kumi na nne na kuzichora kwenye karatasi moja kubwa.

Ya kumi na tano ndiyo iliyomsumbua zaidi. Kaka yake, Idris, aliondoka na mbuzi asubuhi moja miaka ishirini na tisa iliyopita, na hakurudi. Miftah alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuruhusiwa kwenda kuona. Baba yao alikwenda, na baba amefariki. Aliyebaki anayejua mahali ni mama yao, Bi Ghaytha, mwenye miaka 74, ambaye tangu siku hiyo hajalitaja eneo hilo wala kuutazama upande huo wa kijiji.

"Miezi mitatu nilikuwa naingia kwake na daftari na kutoka nalo," anasema Miftah. "Nazungumzia mbuzi. Nazungumzia mvua. Naogopa kumuuliza kuliko nilivyoogopa kile kilima."

Wiki iliyopita aliuliza. Mama yake alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha, akapangusa mikono.

"Kwa maneno sitaweza," alimwambia. "Nitakuonyesha."

"Mama, utanionyesha kutoka njiani. Tusimame kwenye mawe, unyooshe kidole, basi. Hatuingii."

"Hatuingii. Lakini mpaka kufika kwenye hayo mawe yako, mimi ndiye nitakayekuwa mbele."

"Mama, mimi ndiye mwongozaji."

"Wewe unaongoza wageni," alisema Bi Ghaytha. "Nilikwisha kumwacha mmoja atangulie. Wewe utakuwa nyuma yangu."

Wamekubaliana Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Miftah hatapokea wageni siku hiyo. Kabla ya jua kuchomoza, anasema, atakwenda kimyakimya na baiskeli yake kuikagua njia yote, jiwe baada ya jiwe, kisha arudi nyumbani amsubiri mama yake avae viatu.