Aol Ahamia Nyumba ya Juu

Okwir alikuwa ametoka jioni kwenda Nateete kumaliza maneno mafupi na mkandarasi. Majogoo wa kambi ya jeshi ya Mbuya walianza kuwika, na Aol mkewe bado ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akingoja kujua watahamia nyumba ipi. Jeshi lilikuwa linapunguza watu, na Okwir alikuwa amepunguzwa. Shukrani ya kulitumikia tangu vita viishe ilikuwa ni kuambiwa arudishe magwanda na kuondoka kambini kabla mwezi haujaisha.

Walichokuwa nacho ni kiwanja kitupu kwenye mteremko wa Makindye. Oyugi, mkandarasi Mkenya ambaye hakuchanganya zege bila kwanza kufumba macho na kuomba, aliwaonea huruma. Nyinyi mna ardhi, alisema, mimi nina saruji na mafundi; tujenge nyumba nne, mbili zenu, mbili zangu. Aol akauliza zao ni zipi. Wanaume hao wawili wakamtazama kama mtu aliyepiga chafya katikati ya sala.

"Shemeji, sisi ni ndugu," Oyugi alisema. "Hayo tutayaona mwisho."

Basi Aol akaanza kuwapelekea mafundi chai. Oyugi alimsifu kwa ukarimu wake. Aol alimimina chai na kutazama. Nyumba mbili za juu, kando ya barabara, zilipata matofali yaliyonyooka na lipu laini. Za chini, karibu na bonde, zilipata matofali yaliyovunjika njiani, na mchanga ulioonjeshwa saruji. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia nyumba za chini kwa nyuma, yakatokea mbele bila kumwamkia mtu.

"Hewa inapita vizuri huku," alisema Oyugi.

"Na samaki pia," alijibu Aol.

Alimwonya mumewe asikubali kugawana bila yeye kuwapo. Okwir alimweleza kwamba mambo ya ujenzi yanataka wanaume.

Sasa, alfajiri hiyo, mwanamume huyo aliingia akinuka kuku wa kukaanga.

"Mama Akullo, tumemaliza. Tumepata za chini. Amenipa kwa heshima, kwa sababu ziko karibu na maji."

"Karibu?"

"Alininunulia kuku mzima."

"Basi hamia ndani ya huyo kuku."

Hakubishana zaidi. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa ameishi kambini, na huko familia mbili zikigombea chumba, afisa huja kuangalia sufuria ya nani iko motoni. Mwenye sufuria ndiye mwenye chumba. Aol hakujua sheria nyingine, wala asubuhi ile hakutaka kufundishwa. Alimwamsha binti yake Akullo, wakafunga godoro, sigiri ya mkaa na maharagwe, wakaenda Makindye. Fundi wa rangi, aliyekunywa chai yake miezi yote hiyo, hakuuliza kitu. Aliwasaidia hata kuingiza godoro katika nyumba ya kwanza ya juu.

Maharagwe yalikuwa yanachemka, na mlango umekomewa kwa ndani, Oyugi alipofika, Okwir nyuma yake kama mtu aliyechelewa paredi.

"Hodi, shemeji. Umekosea nyumba. Yako ni ile ya chini."

"Ile haina mlango."

"Mlango utakuja."

"Nitausubiri hapa."

"Afande, sema na mkeo."

Okwir akakohoa. "Mama Akullo, fungua. Tulikubaliana kama ndugu."

"Vizuri. Ndugu hatamnyima ndugu yake nyumba kavu. Achukue zile za chini, anipunguzie kusikia habari za heshima."

Oyugi alisukuma mlango kwa bega. Ulikuwa wa mvule, wenye komeo la chuma. Aliuchagua mwenyewe kwa ajili ya wapangaji wake waheshimiwa, na kwa kweli alijua kuchagua. Haukutikisika. Akainamisha kichwa, labda anaomba.

"Na mimi je?" Okwir aliuliza kwa sauti ya chini. "Usiku nitalala bila godoro."

Ndani, Aol alimwambia Akullo akate kitunguu, kisha akaliburuta godoro mpaka nyuma ya mlango, akaketi juu yake.